Jiwe la Kupumzikia

Mshale wa mizani ya bafuni ulikuwa umeganda palepale tangu mfungo uishe, na hilo ndilo lililomkosesha Sudi usingizi. Mkewe, Mwanakheri, alidamka kila alfajiri akisema anakwenda kupanda kilima apunguze mwili. Mwili gani huo usiopungua hata kilo? Na mbona alirudi amechangamka, akaimba jikoni kama bibi harusi? Pafukapo moshi pana moto.

Leo akamfuata kwa kunyata, viatu mkononi mpaka nje ya ua.

Kweli, Mwanakheri alishika njia ya kilima. Katikati ya mpando palikuwa na jiwe. Zamani, kila walipokwenda shamba, alikuwa akikaa hapo akitweta, Sudi amesimama pembeni anamcheka. Leo alilipita bila hata kulitupia jicho. Sudi alipolifikia, aliketi akitweta.

"Baba Zaituni!" Sauti ilitoka juu, tulivu kama ya mtu aliyekaa kibarazani. "Umekuja kunipima?"

Sudi hakuwa na pumzi ya kukana. Alizikusanya chache zilizobaki, akauliza, "Huko juu... kuna nani?"

"Panda ujionee."

Akalishika jiwe ili ainuke, miguu ikamkatalia. Kule juu kanga nyekundu ilikata kona, ikapotea, na ule wimbo wa jikoni ukazidi kupanda kilima bila kukatika hata mara moja.