Mbegu za Juu ya Meko

Kihenge cha Mama Otilia kilijifunga chenyewe asubuhi, bei ya mahindi ilipopanda ng'ambo ya mpaka, kikiomba radhi kwa sauti ya upole. Ndivyo vilivyo vihenge vyote vya Songea siku hizi. Bei ikipanda kule, mlango unajifunga huku, kwa kuwa mahindi yamekuwa ghali mno kuliwa na aliyeyalima. Watu hula mihogo wakingoja bei ishuke.

Lakini mkamwana wake, Yustina, alikuwa amejifungua alfajiri, na mzazi hapewi mihogo. Hupewa uji.

"Usijisumbue, mama," Yustina alisema kutoka kitandani. "Nitakunywa chai."

"Chai ndiyo italeta maziwa?"

Otilia akapanda juu ya kigoda, akashusha mahindi ya mbegu yaliyoning'inia juu ya meko, meusi kwa moshi. Hayo kihenge hakikuyajua. Mumewe, mzee Kanisius, aliyekuwa amechagua kila hindi kwa mkono wake, alimtazama akishuka. Kisha akavuta ungo, akaanza kuyapukuchua.

"Sasa tutapanda nini?" Otilia akamwuliza.

"Tumeshapanda," akajibu, akimwonyesha mtoto kwa kidevu.

Uji ulinukia moshi. Yustina aliunywa wote, akacheka, na mtoto akalia kwa nguvu.

Kihenge kikasema kutoka uani, kwa ile sauti yake ya upole: "Hongereni sana. Nasikia mmepata mlaji mpya. Anaitwa nani?"

Yustina akampa mtoto ziwa haraka, anyamaze kabla kihenge hakijamhesabu.