Kitufe Kimoja

“Huyu si mwanangu,” mama alisema, akaiweka pedi ya gemu mapajani.

Binti yake alikuwa kochini akikunja nguo. “Makubwa! Si kaka, ni nani tena?”

“Njoo ujionee.”

Kioo cha televisheni kilikuwa kimegawanywa nusu mbili. Kushoto alikuwa mpanda mlima wa mama, mwenye kofia ya bluu. Kulia wa mwanawe, aliyekuwa mji wa mbali kwenye kiwanda cha kupasua mbao. Kila Jumapili, vyombo vikishaoshwa, mama na mwana walipanda mlima ule pamoja kwa intaneti. Mwana ndiye hutangulia, mbio na kuruka kwa mkupuo mmoja, huku akimchokoza: “Bi mkubwa, unabonyeza au unakanda unga?”

Leo kimya. Nusu yake ilijaa maelekezo makubwa kama mabango ya dukani: BONYEZA SASA. RUKA. SHIKA KAMBA. Alikuwa amechagua ile namna nyepesi, ambayo kitufe kimoja hufanya kila kitu. Yeye mwenyewe alizoea kuicheka, akiiita uji wa mtoto.

“Na bado anaanguka,” mama alisema. “Mtu kaingia kwenye akaunti yake. Na mwanangu yuko wapi?”

“Muulize jambo la humu ndani.”

Mama akaandika, kidole kikitafuta kila herufi: *Nani alimwaga rangi kwenye shuka za harusi ya dada yako?*

Jibu lilikawia. *mimi. ukanificha*

“Alaa! Kumbe!” binti alishtuka, kisha akajikaza. “Lakini hilo hata majirani walilinong’ona. Mwambie afungue kamera.”

*mbovu*, likaja jibu.

“Umeona? Njia ya mwongo fupi.”

Mama akaandika tena: *Fungua, au nampigia msimamizi wako sasa hivi.*

Kule mlimani, yule wa kulia alisimama kwenye ukingo wa jabali, hasogei. Kisha pembeni ya kioo ukatokea uso. Ulikuwa umekonda kidogo, lakini mwanya ulikuwa uleule, na tabasamu lilelile la upande.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, baba! Mtundu wewe, umenikausha damu!” Mama alicheka mpaka akafuta machozi kwa ncha ya kanga. “Na wewe dada mtu, ushatangaza mwizi!”

“Nani, mimi? Si wewe uliyeanza?”

Mama akashika pedi. Wakavuka daraja la kamba, wakapanda jabali la mwisho, yeye mbele, mwanawe nyuma, BONYEZA SASA baada ya BONYEZA SASA, mpaka bendera ikapepea kileleni.

“Tumeshinda! Haya, makofi, makofi!” mama akashangilia.

Mama akapiga, binti akapiga. Kijana aliinamisha macho, halafu akaanza kupiga meza, polepole, kwa kiganja kilichobaki.