Uyoga wa Katikati ya Zizi

Bibi Magreti alichuma uyoga wa pembezoni mwa zizi, akauruka ule wa katikati. Na ndio uliokuwa mnene, mweupe, umejipanga kama kofia za watoto siku ya Idi. Shamimu, aliyekuwa akichuma naye, alinyoosha mkono. Bibi akaupiga kofi dogo.

"Huo acha, mwanangu."

"Una sumu?"

"Hauna. Acha tu."

Ulikuwa mwaka wa pili tangu wafugaji waondolewe Rudewa. Walipewa siku tatu. Jamaa za Bibi Magreti walipakia ndama, masufuria na vitanda kwenye lori. Vijana wakaenda na ng'ombe Lindi. Yeye akahamia Ruaha kwenye mashamba ya miwa, kwa binti yake Fabiola. Mumewe, Mzee Mashauri, Baba Mhoja kama bibi alivyomwita, alikuwa mgonjwa sana wiki ile. Watu walisema alibebwa humo humo kwenye lori, kafunikwa blanketi. Zizi likamwangukia Shamimu, maana lilipakana na shamba lake.

Kijiji kilikubaliana jambo moja: mfugaji asiachiwe hata kigingi, kesho atarudi kukidai.

Lakini kila masika yakianza, bibi alipanda basi mpaka Mikumi, basi tena mpaka Kilosa, kisha bodaboda, aje kwenye zizi lake la zamani. Shamimu akamzoea. Mwishowe akawa anamngoja.

"Mzee hajambo?"

"Yupo, mwanangu. Hasogei tu."

"Ule mguu?"

"Mwili wote sasa."

"Maskini! Ng'ombe wake walinilia mahindi, leo mavi yao yananilisha mimi. Mwambie nimemsamehe."

"Nitamwambia." Bibi akatabasamu. "Kitendawili!"

"Tega!"

"Kaliwa na majani, kapita tumbo zima, hakufa, mvua ya kwanza kachungulia."

Shamimu akafikiri, akashindwa.

"Nipe mji," bibi akasema.

"Nakupa Rudewa."

"Huo mlishaninyang'anya. Nipe mwingine."

Wakacheka, kisha Shamimu peke yake akaacha kucheka. "Basi nakupa Mikumi."

"Na tembo wake? Haya. Jibu ni huu uyoga. Mbegu yake haionekani. Ng'ombe huila na jani, hutoka na mavi, hukaa kimya kusubiri mvua. Sisi tulihama. Uyoga wao bado unaota."

Alipotaka kuondoka, Shamimu alimfungia uyoga kwenye jani la mgomba. "Wa mzee huu." Bibi akaupokea kwa mikono miwili, akaomba kukaa zizini kidogo kabla bodaboda haijaja. Shamimu akamwacha, akarudi jikoni.

Jirani, Mama Lightness, hakupenda. "Huyo hafuati uyoga. Kuna kitu kafukia pale katikati. Dawa ya kuwarudisha ng'ombe. Utakuja kuniambia."

Shamimu alimjibu aache umbea. Lakini neno likamkaa.

Mwaka wa tatu uyoga uliota mchache, samadi imekwisha nguvu. Mwana mkubwa wa Shamimu akakodi trekta. Wakang'oa minyaa ya uzio, ikabaki mmoja langoni, wakalima zizi lote. Udongo ukatoka mweusi kama masizi. Dawa hawakuiona.

Wiki iliyofuata bibi akafika. Akasimama kwenye ule mnyaa mmoja, mkono mdomoni.

"Shikamoo, bibi," Shamimu akasema, macho chini. "Ardhi ilikuwa imelala bure."

Bibi akapitisha macho kwenye matuta.

"Trekta limeingia chini sana?"

"Hapana. Hivi tu." Shamimu akaonyesha kiwiko. "Kwani kuna nini?"

"Nauliza tu. Mmekuta nini?"

"Mawe matatu. Makubwa hasa, sijui nani aliyaweka zizini. Kijana kayatupa mtoni."

Bibi akakubali kwa kichwa, taratibu, kama mtu anayesomewa barua. "Marahaba, mwanangu," akasema mwishowe.

Shamimu akaona aibu. Akaenda mpakani, ambako plau haikufika, akachuma uyoga wote uliokuwepo, haukujaza hata kiganja. Akaufunga kwenye jani.

"Mpelekee mzee. Mwambie Shamimu anamsalimu. Na anisamehe, nimemlimia zizi lake."

Bibi Magreti akaupokea kwa mikono miwili. Shamimu alidhani atageuka kuelekea barabarani, lakini bibi alivua kandambili, akaanza kutembea kutoka kwenye ule mnyaa, akihesabu hatua kwa sauti ndogo. Kumi na moja. Kumi na mbili. Akasita, akarudi nusu hatua, akapiga magoti katikati ya matuta, akaweka lile jani juu ya udongo mweusi.

"Baba Mhoja," akasema, "Shamimu anakusalimu."