Macho Matupu

Siku ya kwanza ya mafunzo ya kuvalisha lenzi, mwalimu aliwaamuru wanafunzi wavue za kwao. Kila mtu mzima nchini alivaa lenzi zilizofuta maradhi na huzuni kwenye nyuso za wengine, lakini anayewavalisha watu lenzi lazima alione jicho lenyewe.

"Mkishavua, hamtazivaa tena," mwalimu alisema. "Ndiyo kazi mliyoichagua."

Jioni Mwanahawa alirudi nyumbani, akamkuta mama yake, Bi Mwajuma, jikoni akichambua mchicha. Mashavu yake yalikuwa yamebonyea, macho yamegeuka manjano. Asubuhi alikuwa amemwacha amenawiri.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Bi Mwajuma aliinua uso, akaona anavyotazamwa, akajivutia kanga usoni. "Kumbe umezivua."

"Mama, unaumwa tangu lini?"

"Tangu kabla ya harusi ya kaka yako. Nilisubiri mmoja wenu aniulize, mpaka nikachoka."

"Twende hospitali."

"Nilishakwenda, mwanangu. Waliniambia nimechelewa."

Mwanahawa alipiga magoti akamkumbatia, akahisi mbavu zake moja moja. Walikuwa bado hivyo Shomari, kaka yake, alipoingia.

"Mama, kila siku unazidi kupendeza!" alisema. "Hawa, hizo kwikwi ninazosikia ni za nini?"

Mwanahawa alitaka kusema, lakini vidole vya mama yake vilimbana mkono.

"Amechoka na masomo," Bi Mwajuma akajibu. "Mwanahawa, mpakulie kaka yako."

Akapakua. Shomari alikula akipiga soga, huku akimtazama mama yao usoni.