Vifungo vya Joho

Nje ya chumba cha mahakama, wakili kijana alishindwa kufunga vifungo vya joho lake. Kila kifungo alikiingiza kwenye tundu lisilo lake. Bosi wake, mama wakili mwenye ofisi, akamsogelea amsaidie, na mkono wake ukalowa jasho jembamba la shingo ya kijana.

“Jana ulilala?”

“Nililala, mama.”

“Wapi?”

Akainamisha kichwa. “Ofisini. Tangu uniongezee kesi, silali kwangu.”

Na mama huyo ndiye aliyekuwa akimsifu kijana mbele ya wenzake kwamba hachoki.

Karani akaita kesi yao.

Mama akamvua joho, akalivaa mwenyewe. “Nenda nyumbani, mwanangu.”

“Lakini hujalisoma faili.”

“Nenda.”

Ndani, mshtakiwa alikuwa amesimama kizimbani, macho mlangoni, akimtafuta wakili wake.