Herufi Mbili

Siku hizi hakuna mwanafunzi anayeulizwa lengo la mwandishi. Unavaa miwani, na lengo linajiandika lenyewe juu ya ukurasa.

Mwalimu Perpetua, mstaafu, aliyakumbuka mno makelele ya Darasa la Sita, vumbi la chaki likimwingia puani, enzi zile kila mwaka alipowasomea wanafunzi barua ya mwisho ya marehemu mumewe kutoka kambi ya wapasua mbao milimani:

"Banda la kuku lifungwe mapema. Shamba la chini panda mihogo. Koti langu nimelituma kwa basi, mpe kaka yako."

"Haya, mwandishi ana lengo gani?"

"Kuagiza, mwalimu!" Naye anachora vema kubwa ubaoni.

Leo mjukuu wake, Tulia, aliisoma barua ileile kwa miwani.

"Bibi, imeandika 'kuaga'."

"Imeruka herufi mbili, mama. Ni 'kuagiza'."

"Miwani hairuki herufi, Bibi."

Mwalimu Perpetua aliichukua barua, akatazama tarehe. Julai. Kule milimani, Julai ni baridi ya kugonganisha meno. Miaka thelathini ya kufundisha, na hakuwahi kuuliza kwa nini koti lilirudishwa nyumbani.