Mchoro wa Marehemu

Bi Rezista, kama walivyomwita fundi huyu mkongwe kiwandani, alishika kisu akakata njia ya shaba kwenye bodi ya umeme ya thelathini na tisa, makusudi, mbele ya bosi wake. Juu ya mkato akalehemu rezista ya kupunguza nguvu ya umeme, ndogo kama punje ya mtama, palepale chipu inapotolea ishara.

"Mama, nilikukataza," alisema bosi.

"Nilisikia, mwanangu."

Bodi hizo zilikuwa za mashine za kusikiliza mapigo ya moyo ya watoto wachanga, na wodi ya wazazi ilizisubiri mchana huohuo. Bila rezista, ishara ilikimbia hadi mwisho wa njia, ikagonga, ikarudi, na mashine ikahesabu pigo moja mara mbili. Mtoto mzima angeonekana mahututi. Mahututi angeonekana mzima, na hilo ndilo lililomnyima Bi Rezista usingizi wiki nzima.

Bosi alinyoosha kidole ukutani, kwenye mchoro wa bodi uliokaa miaka ishirini ndani ya fremu nene ya mbao. Baba yake, mwanzilishi wa kiwanda, aliutundika kwa mkono wake mwenyewe, na tangu azikwe hakuna aliyethubutu kuugusa. Kila mgeni alipelekwa kwanza kuutazama.

"Unaona rezista pale?"

"Sioni. Aliyeuchora alikosea."

Mafundi wengine waliinamia meza zao, wakajifanya hawapo.

"Unamkosoa marehemu baba?"

"Nimesema aliyeuchora. Alizoea chipu za polepole, hakuwaza kama zitakuja hizi zenye mbio. Tena siku ile alikuwa na haraka, hata chai ikamwagikia karatasi."

"Chai ipi? Mchoro hauna hata doa."

Bi Rezista alivuta bodi ya arobaini, ya mwisho, akakata.

Bosi alipandwa na hasira waziwazi. "Ng'oa rezista zote. Kisha uandike barua ya kumwomba radhi aliyeuchora, uisome hapa mbele ya wenzako. Hutaki, kusanya vifaa vyako uende."

Miaka yote mama aliwaacha waisujudie karatasi ile kwa sababu haikumdhuru mtu. Leo ilikuwa inaingia wodini. Alilehemu, akapuliza moshi, akaiweka bodi juu ya zile nyingine. Kisha akaiendea fremu, akaishusha, akailaza kifudifudi mezani na kufungua skrubu moja baada ya nyingine.

"Barua ya nini," alisema. "Mimi nilishamsamehe."

Bosi aliichomoa karatasi. Kwenye ukingo uliofichwa na mbao kulikuwa na doa kuukuu la chai, na kando ya doa, saini ileile aliyoiona kila asubuhi kwenye daftari la mahudhurio, ya mama huyuhuyu.